Seleri Nyekundu na Haki Yake ya Kusumbua

Vitabu vingi vya bustani vya Uingereza, vya zamani kwa vipya, vinamwonya msomaji kwa sauti moja: mwenye kiwanja kidogo na kazi ya mchana asijitie kwenye seleri ya mtaro. Apande maharage, apande viazi, apande hata vitunguu saumu, seleri awaachie wenye mashamba. Mimi nina kiwanja kidogo na kazi ya mchana, na kila mwaka napanda seleri ya mtaro, tena ile nyekundu ya mbegu za asili iitwayo Giant Red. Naisifu hapa kwa sababu wanaoilalamikia ni wengi na wanaoitetea ni wachache, na kwa sababu kila wanachokiita kero mimi nakihesabu miongoni mwa heshima zake.

Kiwanja chenyewe ni cha kukodi, cha halmashauri, pembeni mwa mji wa Peterborough. Waingereza wana utaratibu huu wa siku nyingi. Sheria ya mwaka 1908 ilizitaka halmashauri zitafutie watu pa kulima, na kiwanja kizima kwa kipimo cha kale ni kama mita za mraba 250. Mashariki ya mji inaanza nchi ya Fens, tambarare hadi macho yachoke, iliyokuwa kinamasi mpaka karne ya 17, Mholanzi Cornelius Vermuyden alipoletwa kuichimbia mifereji ikauke. Udongo wake ni mweusi, mwepesi, umejaa masalia ya mimea iliyooza majini. Hapo ndipo nyumbani kwa seleri ya kale ya Kiingereza, na tangu 2013 seleri ya Fens inayolimwa kwa kufukiwa udongo inalindwa kisheria kwa jina la mahali pake. Babu yake wa porini bado huota kando ya bahari, kwenye matope ya maji ya chumvi. Mmea wa ukoo huo hauwezi kuombwa uvumilie ukame, na anayeuomba hivyo hajautendea haki.

Tuanze na mbegu. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu mbili, ndogo kama vumbi la ugoro, na hazitaki kufukiwa. Zinataka mwanga ndipo ziamke. Mwezi Machi najaza trei udongo laini, naushindilia kwa kiganja, nanyunyiza mbegu juu, nazigandamiza kidogo, nafunika kwa kioo. Maji ya kopo yatazisomba zote pembeni, kwa hiyo ni ya kupulizia tu. Wiki mbili zinapita, mara nyingine tatu, na trei ni nyeusi vilevile. Mchicha kwa muda huo ungekuwa umeanza kutazamiwa sufuria. Nasema hili ni jema. Mboga inayoota kwa siku nne humwachia mtu aende zake. Hii humrudisha dirishani kila asubuhi, na anayerudi kila asubuhi ndiye anayeuwahi ukungu mweupe unapoanza kutanda juu ya udongo, ndiye anayejua kioo kimetoka jasho kiasi gani, ndiye anayeinama mpaka pua iguse trei na kuona vijani viwili, vyembamba kuliko unywele, vimesimama.

Mbegu hiyo inaweza pia kubeba maradhi ya madoa ya majani, yanayoletwa na ukungu uitwao Septoria. Dawa ya kale ni kuziloweka katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25. Maji yakizidi joto, mbegu zinakufa. Yakipungua, ukungu unabaki. Mtu anasimama na kipimajoto juu ya sufuria, anaongeza maji ya moto kijiko kwa kijiko, na dakika hizo 25 hawezi kufanya kingine chochote. Sijui mboga nyingine ya bustani yangu inayodai umakini wa namna hiyo kabla hata haijawa mmea.

Kisha kuna kumbukumbu yake. Seleri ni mmea wa miaka miwili: mwaka wa kwanza majani, wa pili maua na mbegu. Mche mchanga ukipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa muda wa wiki moja au mbili, unahesabu kuwa majira ya baridi yamekwisha pita na mwaka wa pili umewadia. Hausemi kitu wakati huo. Unakua vizuri, unapandikizwa, unamwagiliwa miezi mizima, halafu katikati ya kiangazi unatoa bua gumu la maua kutoka moyoni na haufai tena kuliwa. Usiku mmoja mmoja wa Aprili, uliosahaulika na kila mtu nyumbani, mmea umeuweka. Ndiyo maana dirisha la jikoni kwetu ni la seleri kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, na wageni wanaolala wanaambiwa kabla ya kuonyeshwa chumba kwamba dirisha hilo halifunguliwi. Wanaoilaumu seleri kwa kuchanua kabla ya wakati wangeitazama vizuri zaidi: ni kiumbe kinachoweka hesabu ya hali ya hewa kwa uaminifu kuliko sisi.

Mtaro unachimbwa mapema, wakati ardhi bado ni baridi: upana wa sentimita 40 hivi, kina cha 30, na chini yake samadi iliyooza kiasi cha kuzamisha kiatu. Udongo uliotoka unalazwa pande zote mbili kuwa matuta. Mgongo unauma, na sina haja ya kuficha. Lakini mwenye kuhesabu faida aanzie hapo. Udongo umegeuzwa hadi chini, samadi imezikwa kwenye kina ambacho hakuna mboga nyingine ingenilazimisha kukifikia, na juu ya yale matuta saladi hupandwa na kuliwa kabla udongo wake haujahitajika. Mwaka unaofuata mahali hapo napanda maharage, na urefu wake unaonekana kutoka langoni. Sehemu zote nzuri za kiwanja changu zimewahi kupitiwa na mtaro wa seleri. Zilizobaki ni mahali ambapo nilipanda mboga zisizodai kitu, nazo udongo wake uko vilevile nilivyoupokea.

Juu ya maji nitakaa kidogo, maana ndipo lawama zilipo. Mizizi ya seleri ni mifupi na haina bidii ya kwenda chini. Wakati wa ukavu inataka lita 20 kwa kila mita ya mraba kila wiki, na kiwanjani kwetu bomba liko mwisho wa njia, moja kwa watu wote. Ikikosa maji siku chache za Julai haifi. Ingekufa, jambo lingekuwa jepesi. Hubaki imesimama na majani yake ya kijani, na huku ndani ya mabua inajijengea nyuzi na uwazi ambao hutauona hadi Desemba, kisu kitakapopita. Moyo wake nao unaweza kugeuka mweusi kwa kukosa kalsiamu hata kama udongo una chokaa tele, kwa kuwa maji ndiyo huibeba kalsiamu hiyo hadi kwenye majani machanga katikati, na maji yakikatika, majani ya katikati ndiyo ya kwanza kunyimwa. Kwa hiyo jioni za kiangazi nina foleni yangu kwenye bomba, na katika foleni hiyo nimewajua watu wote wa viwanja vyetu. Waliopanda viazi nawaona mara mbili kwa mwaka, wakati wa kupanda na wakati wa kuchimba. Wa seleri na wa nyanya tunajuana mpaka majina ya wajukuu. Jirani yangu, mzee wa huku huku Fens aliyeng'oa seleri kwa kibarua alipokuwa kijana, hupita, huchomeka kidole udongoni, hutikisa kichwa na kusema, "Bado ina kiu hii." Hajawahi kusema imetosha, na sitarajii aseme.

Sasa kazi yenyewe, ile iliyoipa seleri ya mtaro jina. Agosti mmea ukifika sentimita 30 unaanza kufichwa jua. Napiga magoti. Kwanza naondoa vichipukizi vilivyoota kando ya shina, kwa kuvivuta chini na pembeni ili visikatikie njiani. Halafu nakusanya mabua yote kwa mkono wa kushoto, nayasimamisha wima, na kwa mkono wa kulia natafuta koa kati ya bua na bua, maana hapana mwaka aliokosekana. Karatasi ya kaki inazungushwa mara mbili, inafungwa kwa uzi wa katani, usikaze, mmea bado unanenepa. Kisha udongo wa tuta unarudishwa taratibu hadi nusu ya karatasi, na punje isiingie moyoni, kwa sababu punje ikiingia pale ni kuoza. Baada ya wiki tatu unaongezwa tena. Baada ya nyingine tatu, tena, mpaka mwisho wa vuli yanabaki majani tu juu ya kichuguu. Utomvu wake una kemikali ziitwazo psoraleni, ambazo ngozi ikizipata na jua likaipiga huungua na kutoa malengelenge; wavunaji wa mashambani wanaujua ugonjwa huo. Navaa mikono mirefu. Mboga inayosemwa haina kitu ndani ila maji ina silaha, na inazitumia.

Shida hii yote ina sababu. Mabua ya aina za kale yakiachwa juani yanakuwa machungu na makakamavu. Gizani yanakuwa laini, matamu, na ile nyekundu inafifia ikawa waridi. Waitalia ndio waliowafundisha majirani zao kufuga seleri hivi. John Parkinson, mfamasia wa London, katika kitabu chake cha 1629 aliieleza kama kitu kigeni, akasema ya kwanza aliiona katika bustani ya balozi wa Venisi. Mwaka 1699 John Evelyn, katika kitabu kizima alichokiandika juu ya saladi, aliipa nafasi ya katikati kwenye meza za wakubwa. Kufika wakati wa Malkia Victoria ilikuwa na chombo chake: kioo kirefu chenye mguu, kilichotengenezwa makusudi kwa seleri, kikawekwa mezani mabua yamesimama na majani juu, ili kila mgeni aone mwenye nyumba anaweza kumlipa mtu wa kuchimba mitaro. Kabichi haikupata chombo cha kioo. Marekani nako, mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, wahamiaji wa Kiholanzi waliilima kwenye kinamasi cheusi kiasi kwamba farasi walivishwa viatu vipana vya mbao wasizame. Mji ukaitwa Mji wa Seleri, na vijana wakawauzia abiria wa treni matita yake.

Halafu wajuzi wakaamua kuondoa usumbufu. Miaka ya 1880 zikaja aina zinazojifanya nyeupe zenyewe bila kufukiwa, White Plume ya Marekani na Golden Self-Blanching kutoka Ufaransa, na baadaye zile za kijani zinazoliwa bila kufichwa jua hata kidogo. Mtaro ukafutika, karatasi ikafutika, magoti yakapumzika. Na seleri ikatoka kwenye kioo ikaingia kwenye mfuko wa plastiki. Leo inapatikana dukani wiki zote 52, si nyeupe wala si nyekundu, na anayeisifu humsifia mtu anayetaka kupunguza mwili, kwa kuwa gramu 100 hazina zaidi ya kalori 16 hivi. Hawakuiharibu kwa nia mbaya. Walitaka kila mtu aipate, na kila mtu anaipata. Ila naona wazi kilichopotea njiani. Watu waliiweka katikati ya meza kwa sababu ilikuwa imemgharimu mtu msimu mzima, na msimu huo ulikuwamo ndani ya ladha. Kero ilipotoka, ladha nayo ikatoka, na meza ikaisahau.

Sheria haijaisahau. Uingereza mkahawa unatakiwa kumwambia mteja kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyojulikana kudhuru wenye mzio, na seleri imo, pamoja na karanga, maziwa na samaki. Kipande kidogo ndani ya supu, unga kidogo ndani ya mchanganyiko wa viungo, lazima kitajwe. Karoti haikuomba kutajwa wala haikutajwa.

Wagiriki wa kale walikwisha jua kwamba mmea huu si wa kupuuzwa. Walioshinda michezo ya Nemea walivikwa taji la seleri ya porini, na seleri hiyo hiyo walikuwa wakiitumia kupamba makaburi, hata mgonjwa asiye na tumaini alisemwa kwamba anachohitaji sasa ni seleri. Mji wa Selinus huko Sisilia ulipata jina kutokana nayo na ukapiga jani lake kwenye sarafu. Plutarch anasimulia kwamba jemadari Timoleon, akipandisha kilima na jeshi lake kwenda kupigana na Wakarthago katika kisiwa hicho, alikutana na nyumbu waliobeba seleri. Askari wakasimama, waliona ni kifo kinawapokea. Timoleon akawaambia taji za ushindi zimewafuata wenyewe, akachukua seleri akajivika kichwani, maofisa wakafuata, kisha askari. Na walishinda. Jeshi zima lilisimamishwa njiani na mzigo wa mboga, na likaendelea kwa sababu ya mzigo huo huo. Mboga zilizowahi kupewa madaraka hayo hazijai kiganja.

Desemba inafika. Wakulima wa kale walivuna kwa zamu: nyeupe kwanza kabla ya baridi kali, kisha ya waridi, na nyekundu mwisho, kwa kuwa ndiyo inayostahimili jalidi kuliko zote. Kwangu hakuna zamu, nyekundu ni peke yake, nayo hungoja mpaka nyingine zingekuwa zimekwisha oza. Unachomeka uma wa kuchimbia mbali na shina, unainua, udongo unapasuka, na harufu inatoka kabla ya mmea: kali, ya chumvi kidogo, ya majani yaliyovunjwa. Karatasi imekuwa laini na inachanika. Mabua ya nje yana rangi ya shaba, yanayofuata ni ya waridi, na katikati kuna moyo wa rangi ya siagi ambao haujaliona jua tangu Agosti. Mzee wa Fens alinionyesha namna wanavyoukata mzizi kwa kisu, mikato michache ya haraka kuzunguka, mpaka unabaki umechongoka kama inavyotakiwa katika seleri ya kwao. Moyo unaliwa mbichi, kwa jibini ya Stilton kama wafanyavyo Waingereza wakati wa Krismasi, na ladha yake ina kitu cha njugu ndani yake. Mabua ya nje tunayapika taratibu kwa mchuzi wa nyama, au nayakata ndani ya supu ya mbuzi, bua moja tu kwa sufuria nzima. La dukani ungetia tita zima na bado ukaongeza chumvi.

Kwenye maonyesho ya mboga ya Uingereza, ambako waamuzi hupima kwa alama, seleri ya mtaro imo katika kundi linaloweza kupata 20, kiwango cha juu kabisa. Waamuzi hao wamelima. Wanajua alama hizo zinalipia nini.

Mbegu zake zipo kwa sababu kuna watu wanaokubali kusumbuliwa. Aina nyepesi huenea zenyewe. Ya namna hii miaka michache tu ya kila mtu kuchoka inatosha kuipoteza. Garden Organic, jumuiya ya wakulima wa bustani wa Uingereza, ina maktaba ya mbegu za asili tangu miaka ya 1970, na baadhi ya wanachama wake hutunza kila mmoja aina chache za mboga zilizotoweka madukani. Kwa seleri maana yake ni kuiachia kiwanja mwaka wa pili. Mimea michache inabaki ardhini, inapita baridi, inapanda hadi kifuani, inachanua miavuli midogo myeupe iliyojaa nyuki na nzi, na kuanzia hapo lazima pasiwe na seleri nyingine wala seleriaki inayochanua karibu, maana zinachanganyika. Nimewaomba majirani wote wang'oe zao zinazotaka kuchanua. Wamekubali, wengine baada ya kuelezwa zaidi ya mara moja. Septemba vichwa vinakauka, navikatia ndani ya mfuko wa karatasi, navisugua kwa kiganja, napepeta barazani siku isiyo na upepo.

Mmea mmoja hutoa mbegu nyingi kuliko mtaa mzima utakavyoweza kupanda, kwa hiyo nagawa. Nimezipeleka kwa ndugu wa Lushoto, ambako hewa ni ya ubaridi, na nimewaambia wahesabu usiku wa baridi kabla ya kuhesabu miche. Wengine wanaziomba kwa sababu wamesikia rangi yake ni nzuri. Hao nawauliza kwanza bomba lao la maji liko wapi, na ni nani atakayekuwa nyumbani mwezi wa Julai.